Aliyeteguka Asirudishwe Uwanjani

Kila mwaka, inapokaribia Mei Mosi, viwanja vya miji yetu hujaa timu za wafanyakazi. Karani aliyekaa kitini miezi kumi huvaa jezi akaukimbilia mpira kama kijana wa miaka 20. Michezo hiyo twaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini yatendekayo pindi mtu anapoumia hatuwezi kuyanyamazia.

Kifundo cha mguu kikiteguka, kano ziungazo mfupa kwa mfupa huwa zimevutika kupita kiasi au zimechanika. Mara hutokea mjuzi wa kukanda, na maji yake ya moto, akachua kwa nguvu hali mchezaji analia, na watu wakausifu mkono wake. Huko ni kuongeza uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo, moto na kuchuliwa havifai. Yafaa mtu aache mchezo papo hapo, mguu uinuliwe, ufungwe bandeji isiyokaza mno, na uwekwe barafu iliyoviringwa kitambaani kwa dakika 10 hadi 20 ili kutuliza maumivu. Yakipungua, aanze kutembea polepole, kwani kulala majuma mazima nako hudhoofisha kiungo. Asiyeweza kupiga hatua nne, au aumiaye mfupa wa kifundo ukibonyezwa, apelekwe hospitali akapigwe picha. Kipimo hicho kilitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, nacho hakihitaji chombo chochote.

Wenye miaka 30 hadi 50 wajihadhari zaidi na kano kubwa ya kisigino, iungayo misuli ya shavu la mguu na mfupa. Ikikatika, mtu hudhani amepigwa teke kwa nyuma; akigeuka, haoni mtu. Huyo si wa kukandwa hata kidogo. Ni wa daktari siku hiyo hiyo.

Mengi ya haya yaweza kuzuiwa. Katika ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, timu zilizofuata mazoezi ya FIFA ya kupasha mwili moto, yachukuayo dakika 20 tu, zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41, kama ilivyotangazwa mwaka 2014. Kwetu, timu nyingi hushuka garini zikaingia uwanjani moja kwa moja.

Tena wapo viongozi wa timu wamwitao mwoga mchezaji achechemeaye akiomba kutoka. Kikombe chaweza kungoja mwaka ujao. Mpakiaji mizigo aliyelegea goti atabeba nini Jumatatu? Twataka kila tawi la wafanyakazi na kila idara itoayo fedha za jezi (na jezi mpya hazikosekani kamwe) zitoe pia fedha za bandeji na barafu, na zimteue mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza, mwenye mamlaka ya kumtoa majeruhi uwanjani, nahodha apende asipende.