Masisi: Afishi inaita wote, mlango unachagua

Mwenye kuonyesha video Kingi ao Sake anaandika kichwa cha filamu kwa chaki, anaweka kipaza sauti mlangoni. Mbinu hiyo ni ya zamani. Wakati wa filamu bubu, kumbi za Marekani zilisimamisha mlangoni sanamu ya Charlie Chaplin, ya karatasi ngumu, ikitangaza kwamba yuko ndani leo.

Lakini Kongo ya Wabelgiji, afishi haikuita wote. Sheria ya 1945 ilikataza Wakongomani filamu zote ambazo serikali haikuwapitishia. Afishi waliweza kuiona barabarani; kuingia, hapana.

Leo hakuna anayeulizwa rangi. Vita na kukosa makuta njo vinafunga mlango: magaribi, watu wanaogopa kutoka, hata kipaza sauti kikiita.