Betri ya Tatu, Kumbe Mgonjwa Si Betri!

Najua umezoea kunikuta hapa nikizungumzia mahari, mawifi na nani alipe bili ya chakula. Mwezi huu nivumilie, nakuletea habari za pikipiki. Usigeuze ukurasa! Ugomvi mkubwa kuliko yote nyumbani kwangu mwaka huu haukuletwa na nyumba ndogo wala simu iliyofichwa chini ya mto. Uliletwa na betri.

Baba Nuru ana pikipiki ya Kijapani ya miaka ya tisini, ya volti 12, aliyoinunua kabla hajanijua. Nilipoingia kwenye maisha yake niliikuta, kwa hiyo kwa haki ni yeye mke mkubwa. Nimeshazoea.

Sasa basi, Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka Bagamoyo, jua limeshazama. Tulipopita Kerege taa ya mbele ikaanza kufifia, ikawa ya njano kama mshumaa. Akiwasha indiketa, taa inazidi kuzama. Akipiga honi, inakohoa. Tulipokaribia Mapinga injini ikaanza kukatakata, kisha kimya. Giza totoro, malori yanapita yakitutikisa, na nyuma yetu hakuna hata taa nyekundu ya kumwambia dereva kwamba pale wapo watu wawili. Mtoto tulikuwa tumemwacha kwa bibi yake. Nilichowaza pale sitakiandika.

"Betri hiyo," akasema mwenzangu.

"Betri gani? Si umenunua mpya mwezi wa tatu?"

Akanyamaza. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile ya mwezi wa tatu ilishakufa, na hii ilikuwa ya tatu, imenunuliwa kwa hela ya kibubu tulichokuwa tunawekea ada ya Nuru. Kimya kimya. Tulirudi mjini ndani ya pikapu ya msamaria, pikipiki nyuma, sisi mbele, na hatukusemezana mpaka mlangoni.

Kesho yake nikamfuata hadi kwa fundi wake Ilala, mtu mzima kiumri. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Tatizo nini?"

"Betri, mzee," akajibu Baba Nuru.

"Nani kaipima?"

Tukatazamana. Yule mzee akacheka. "Mnazika watu bila kujua kilichowaua. Mmeshazika wawili, na huyu wa tatu mnamchimbia kaburi."

Akatuelezea kwa lugha ambayo hata mimi wa masomo ya mawasiliano niliielewa. Betri haitengenezi umeme, inautunza tu, kama kibubu. Anayetengeneza ni koili zilizo ndani ya injini, ambako sumaku inazizunguka. Umeme wake ni wa kwendakurudi, betri haiutaki hivyo. Kwa hiyo unapita kwenye rektifaya, kile kidude chenye mapezi ya bati, kinachounyoosha na kuupunguza usizidi. Hapo sasa ndipo unaingia kwenye betri. Njia ikiziba popote, betri inatoa bila kurudishiwa. Kwenye pikipiki kama yetu, ambayo moto wa plagi nao unatoka kwenye betri, injini inazima. Zipo nyingine ambazo plagi ina koili yake, hizo zinaendelea kutembea hata betri ikifa.

Akatoa mita. Pikipiki ikiwa imezimwa, betri ilisoma 11.9. Akaitundikia chaja ndogo tukaenda kunywa chai. Tuliporudi akaiwasha, akavuta mafuta, akatuonyesha: 12.3, halafu 12.2, halafu 12.1. Inashuka! Kwa pikipiki nzima ingetakiwa ipande.

Hakukimbilia kuuza spea. Alifuata waya tatu za njano zinazotoka kwenye koili hadi kwenye soketi ya plastiki chini ya kiti. Soketi ilikuwa imegeuka kahawia, tundu moja limeyeyuka kama pipi. Kutu kidogo ndani yake ilikuwa imeleta joto, joto likaleta kutu zaidi, mpaka umeme ukawa haupiti. Akakata, akasafisha, akaweka soketi mpya. Akawasha tena: 14.2. Jamani! Bei ya ile soketi na kazi yake haikufika ya chipsi mayai mbili na soda. Na betri ya tatu haikuwa imekufa, ilikuwa na njaa tu.

Kama wewe au mwenzio mna pikipiki ya zamani, kata ukurasa huu, bandika karibu na funguo.

Pima ikiwa imelala. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri ya volti 12 iliyoshiba inasoma 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. Ikifika 12.0 iko hoi. Ukiiacha na njaa wiki kadhaa, sahani zake za ndani zinaganda chumvi na hairudi tena hali yake.

Pima ikiwa imewashwa. Vuta mafuta, injini ichangamke, washa taa ya mbele. Pikipiki nyingi za volti 12 zinatakiwa zisome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa taratibu bila mafuta, namba ikishuka kidogo usipagawe. Isipopanda kabisa, haichaji. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuupunguza umeme: hapo balbu zinaungua ovyo, maji ya betri yanakauka upesi na utasikia harufu kama ya yai viza.

Anza na vya bei rahisi. Vichwa vya betri, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, fyuzi, na soketi zote. Tafuta palipolegea, penye unga mweupe au palipobadilika rangi. Ukimaliza safari, gusa soketi taratibu. Ikiwa ya moto, imeshakuambia.

Kisha koili. Kwa waya tatu, fundi azichomoe na kupima mbili mbili, mita ikiwa upande wa umeme wa kwendakurudi. Vipimo vitatu vilingane. Kisha azime injini, ahakikishe hakuna waya hata mmoja unaogusana na bodi. Kazi hii mwachie fundi, maana injini ikichangamka umeme huo unapiga.

Usiizidishie mzigo. Kutoka balbu ya wati 35 kwenda ya wati 60 unaongeza karibu ampea mbili. Bado honi ya lori na chaja ya simu. Koili ya zamani haikuumbwa kwa mashauzi hayo.

Chaji taratibu. Kama betri ni ya ampea 9 kwa saa, chaja isizidi ampea moja hivi. Chaja ya gari inaichemsha. Betri ya maji iongezwe maji safi ya betri tu, siyo tindikali. Na usichomoe betri injini ikiwa inanguruma, utaua rektifaya.

Mwisho, kuna vimita vidogo vya volti vya kufunga kwenye usukani. Kifungwe kwenye waya unaopata umeme pale funguo ikiwashwa tu, na kiwe na fyuzi yake. Vinginevyo chenyewe kitainyonya betri usiku kucha.

Sasa turudi kwetu. Kilichoniuma siyo bei ya betri, bali kibubu kuguswa bila mimi kujua. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu, "Mama Nuru, kila nikitaja pikipiki unasema uza hilo bati." Ni kweli, nilisema, tena mara nyingi. Basi na yeye akajifunza kunyamaza, mimi nikajifunza kulaumu, na katikati hapo hakuna aliyeuliza inasoma ngapi. Tungeuliza mapema, tusingelala na kiwewe cha Mapinga.

Tumekubaliana mambo mawili. Kibubu hakifunguliwi mpaka tuwepo wote wawili. Na kila tarehe mosi tunapima pikipiki pamoja, namba inaandikwa kwenye daftari la matumizi ya nyumbani, chini ya mchele na luku. Namba ikianza kushuka mwezi hadi mwezi tunaiona mapema, kabla ya giza.

Jumapili iliyopita tulikwenda tena Bagamoyo. Tukirudi, karibu na Kerege akapunguza mwendo, akauliza bila kugeuka, "Mama Nuru, inasoma ngapi?" Nikachungulia juu ya bega lake.

"Kumi na nne nukta moja, Baba Nuru. Twende nyumbani."

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na wewe, kabla hujanunua betri nyingine, pima kwanza!