Rangi Haiponyi Kutu

Watu wengi hudhani kuwa uzuri wa gari la zamani lililofanywa jipya hutokana na rangi. Gari la fahari linapopita Mikumi katika barabara kuu iendayo Zambia, liking'aa kama kioo, sifa zote hupewa fundi aliyepuliza rangi. Dhana hiyo si sahihi. Tabaka zote za rangi ya gari, zikijumlishwa, kwa kawaida zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Utando mwembamba kiasi hicho hauwezi kuwa imara kuliko kitu ulichoshikamana nacho. Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango; na kwa gari, hata mlango wenyewe hauna budi kuchunguzwa ndani.

Adui mkubwa wa bodi ni kutu. Chuma, maji na oksijeni vikikutana, atomi za chuma hupoteza elektroni na hatimaye huwa oksidi yenye maji. Chumvi huharakisha jambo hilo, na ndiyo sababu gari lililoishi miaka mingi katika upepo wa bahari wa Dar es Salaam hufika bara likiwa limekwisha kuliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huinua rangi kwa chini mpaka ikavimba na kubanduka. Tena kutu ina vitundu kama sifongo, nayo hushika unyevu. Kupaka rangi juu yake ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Mlango huharibika mapema kwa sababu maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo na kushuka hadi chini, ambako watengenezaji huweka matundu ya kuyatoa. Matundu yakizibwa na vumbi na majani, maji hutuama, na bati huoza kuanzia ndani kwenda nje. Fundi anayesugua upande wa nje pekee hutibu kivuli cha ugonjwa.

Si kila mlango ni wa chuma. Rolls-Royce Silver Shadow, iliyotengenezwa tangu 1965 hadi 1980, ina bodi ya chuma, lakini milango yake na mfuniko wa injini ni vya alumini. Sumaku ndogo humwonyesha fundi tofauti hiyo; nayo hushindwa kunasa pia pale ambapo puti nene imefichwa chini ya rangi. Alumini huhitaji praima ya namna yake, na mahali inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo huliwa.

Kazi ina utaratibu wake. Kwanza bodi huoshwa na mafuta kuondolewa kabla ya msasa kuguswa, kwani msasa huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Vitasa, taa na mipira huvuliwa. Bati lililotoboka hukatwa na jingine kuchomelewa. Puti si bati. Msasa mkavu wenye chembe kubwa hutangulia, na wenye chembe ndogo hufuata. Kisha bati tupu hupakwa praima siku iyo hiyo. Katika mji kama Kilosa, ulio katika bonde la Mto Mkondoa, umande wa usiku mmoja wa masika watosha kuanzisha kutu mpya isiyoonekana kwa urahisi.

Wenye magari husema kuwa utaratibu huu ni ghali. Lakini aliyelipia rangi mara mbili katika miaka miwili amelipa zaidi ya yule aliyelipia maandalizi mara moja. Tena kuna gharama isiyoandikwa katika stakabadhi, nayo ni afya ya vijana wanaojifunza kazi. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru damu na ubongo, hasa wa watoto. Yafaa rangi kama hiyo isuguliwe kwa maji, mbali na makazi, na tope lake lisimwagwe ovyo. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kikaushio nazo huwa na isosianati, kemikali iwezayo kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii.

Kwa hiyo si haki kuiita kazi hii kimbilio la walioshindwa masomo. Kemia ya kidato cha pili imo ndani ya gereji iliyo chini ya mwembe. Mwalimu wa Kilosa aweza kuchukua vipande vitatu vya bati lenye kutu: kimoja akipake rangi hivyo hivyo, cha pili akisugue kwanza, na cha tatu akisugue na kukipaka praima. Vyote vikwaruzwe msumari na kuachwa mvuani muhula mzima. Wanafunzi wapime upana wa kutu kila juma, kisha wapeleke majedwali yao kwa mafundi na kujadiliana nao. Fundi atapata sababu ya jambo alilolijua kwa mikono. Mwanafunzi atapata mikono ya jambo alilolijua kwa kitabu. Kijana atakayejua hayo yote mawili atalinda bati, na atalinda mapafu yake.