SHAURI LA JUMA HILI: Malipo ya Ulemavu Yakifutwa

Mara nyingi huku Garissa mtu hufika ofisini asubuhi, amemwongoza babaye asiyeona au amembeba mtoto asiyeweza kukaa, akasema, "Bwana karani, jina letu limefutwa." Ukimwuliza sababu, haijui. Aliyo nayo ni habari za njaa na mifugo iliyokufa. Ni habari za kweli, nazo zasikitisha, lakini hazilijibu neno lililoandikwa katika daftari.

Malipo tunayoyasema ni yale ya Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa, yaliyoanza mwaka 2011: shilingi 2,000 kwa mwezi, zipokewazo na mlezi kwa niaba ya mwenye haki. Mjini fedha hizo ni kidogo. Kwa nyumba ya Hulugho au Balambala iliyopoteza ng'ombe katika ukame ulioanza 2020, ndizo unga na maji.

Basi kwanza daini sababu kwa maandishi. Kufanya hivyo si kuomba hisani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 champa haki hiyo kila mtu aliyedhuriwa na uamuzi wa ofisi, na sheria iliyotungwa 2015 ili kukitimiza yataka mtu aarifiwe na asikilizwe kabla ya kuamuliwa. Ofisi isipotoa sababu, sheria huchukulia kwamba haikuwa na sababu njema, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sisi makarani hatupendi sana kukumbushwa hayo, lakini ndivyo yalivyo.

Sababu ikijulikana, ijibuni hiyo hiyo. Yakisemwa kwamba mtu hakuonekana wakati wa kuhakikiwa, na kumbe jamaa walikuwa wamehamia malishoni, chifu na aandike hivyo na kutia mhuri. Mlezi akiwa amefariki, leteni hati ya kifo na kitambulisho cha mlezi mpya. Lakini yakisemwa kwamba ulemavu si mkubwa, hapo pana kazi. Barua ya chifu haifai kitu. Yapasa mtu apimwe tena na madaktari wa hospitali ya serikali, na ripoti yao ieleze mambo asiyoyaweza bila kusaidiwa, si jina la ugonjwa peke yake.

Rufani ipelekeni kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii wa kaunti ndogo. Fanyeni nakala mbili. Moja ipigwe mhuri wa tarehe ya kupokelewa, mwondoke nayo. Mkinyamaziwa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila ada. Mahakama Kuu nayo ipo papo hapo Garissa, ila kwa kawaida haisikilizi shauri kabla njia za ofisini hazijakwisha, na ndipo ile nakala yenye mhuri itakapoulizwa.

Asiyejua kuandika aweza kuandikiwa na mwalimu au kijana wa shule. Mwandishi amsomee barua kwa Kisomali, au kwa lugha yoyote aijuayo, kabla hajatia dole gumba, kisha aandike jina lake mwenyewe chini kama shahidi.