Muuzaji, Hukuniuliza Nina Nini Nyumbani

Jamani, leo nina la moyoni. Mtanisamehe maneno yakiwa makali.

Wiki mbili zilizopita niliingia duka moja la kompyuta hapa Dar nikiwa na akiba ya miezi mitano. Nikataja ninachotaka: kadi ya picha ya kuchezea magemu, GeForce RTX 3060. Kijana wa dukani akajibu, "Ipo bosi." Nikalipa, akaniandikia risiti, dakika kumi hazikufika. Nikapanda daladala nimeipakata kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikafungua kompyuta yangu. Mnaijua, wengi tunayo: mtumba wa ofisini kutoka Ulaya, kasha jembamba. Kadi haikuingia. Kasha la aina ile linapokea kadi fupi tu, za nusu ya kimo cha kawaida. Nikajidanganya kwamba nitalikata kasha. Ndipo nikasoma kibandiko cha pawa saplai: wati 240! Kadi peke yake inakula hadi wati 170, na Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550. Waya wa kuipa kadi umeme wa ziada haupo kabisa.

Nikarudi dukani. Nikaoneshwa maandishi ya chini kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa nauliza, huyu ameniuzia nini? Fundi cherehani hakati kitambaa bila kukupima. Muuza viatu anakuuliza namba ya mguu. Hata muuza vipuri vya gari atataka kujua gari ni la aina gani na la mwaka gani. Iweje muuza kompyuta apokee hela ya miezi mitano bila swali hata moja?

Na maswali yenyewe ni manne tu. Pawa saplai yako ina wati ngapi na waya zipi? Kasha lina nafasi gani? Mazabodi ina soketi gani? RAM ni DDR4 au DDR5? Hizo mbili hazibadilishani: zote zina pini 288, lakini kipengo chake hakipo mahali pamoja, hivyo haiingii hata uisukume kwa goti. Prosesa za AMD za soketi ya AM5, iliyotoka 2022, zinataka DDR5 tu na hazikai kwenye mazabodi ya AM4. Usipoulizwa mapema, unakwenda kununua prosesa moja, unajikuta unadaiwa mazabodi na RAM pia.

Najua kuna watakaosema kosa ni langu. Nusu yake nakubali. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Mchana nawabana wakubwa kwa maswali, halafu dukani naona aibu nisionekane mshamba! Tunaingia tunataja namba kama tunaagiza soda.

Aibu hiyo ina gharama nyingine. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kitu kikufanyie, ukategemea ujuzi wake, basi kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini ukiagiza bidhaa maalumu kwa jina lake la kibiashara, kinga hiyo huna. Mimi niliagiza kwa jina.

Kwa hiyo usiende na jina, nenda na mashine yako. Piga picha kibandiko cha pawa saplai, andika jina la mazabodi, pima kasha kwa rula. Mwambie muuzaji: nina hii, nataka icheze gemu fulani, nipe kinachofaa. Mwambie aandike hivyo kwenye risiti. Akigoma, ondoka, maduka ni mengi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa yangu ilikuwepo. Kuna GTX 1650 fupi, inayokula wati 75 kutoka kwenye mazabodi yenyewe bila waya wa ziada, na bei yake iko chini. Swali moja tu la yule kijana lingenifikisha hapo.

Kadi yangu iko juu ya kabati, bado ndani ya boksi lake. Haya, mimi nimesema. Na ninyi wenye maduka mjibu: mnauza vifaa, au mnakusanya hela tu?