Mfungwa Akitoka, Aliyeumizwa Alindwe

Mwezi huu hatutaongea juu ya malaria wala lishe ya watoto. Tutaongea juu ya ugonjwa usioonekana kwa darubini, nao ni hofu.

Mama mmoja kijana alifika kliniki akiwa na mtoto mgongoni. Alilalamika kichwa, tumbo na kukosa usingizi. Tukapima damu, tukapima presha, hatukuona kitu. Aliporudi mara ya tatu ndipo aliposema: mtu aliyemnajisi akiwa na miaka 13 ameonekana sokoni. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu huyo ametoka gerezani. Walikutana ana kwa ana penye mizani ya mahindi.

Sisi wauguzi hatukushangaa. Hapa Kenya, kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hufungwa si chini ya miaka 20. Lakini sheria ya magereza humpa mfungwa mwenye tabia njema punguzo la theluthi moja. Basi baada ya miaka 13 na miezi kidogo aweza kurudi, na mara nyingi hurudi mtaa ule ule, kwa kuwa alikuwa jirani au ndugu.

Akimaliza kifungo, kutoka ni haki yake. Tunalouliza ni hili: yule binti naye ana haki gani siku hiyo?

Sheria haikumsahau. Kifungu cha 39 cha sheria hiyo ya 2006 chairuhusu mahakama kumtangaza aliyemwumiza mtoto kuwa mkosaji hatari, na akiachiliwa mapema, afisa wa probesheni amsimamie kwa muda uliobaki. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 yataka usalama wa aliyeumizwa na wa jamaa yake ufikiriwe wakati wa kuweka masharti ya kumwachilia mkosaji. Na kama mkosaji ni wa ukoo, sheria ya mwaka 2015 juu ya ukatili wa nyumbani yamruhusu binti kuomba mahakamani amri ya kumkataza mtu huyo asimkaribie. Kuivunja ni kosa.

Lakini haya yote yatamfaa nini asipopata habari? Maoni yetu ni kwamba mfungwa wa namna hii asifunguliwe mlango kabla aliyeumizwa hajaarifiwa, kwa siri, na afisa anayejulikana. Hiyo isiwe hisani, iwe wajibu.

Tunapongojea hayo, wazazi, tunzeni namba ya kesi, nakala ya hukumu na fomu ya P3. Mwulizeni afisa wa probesheni kifungo kitaisha lini. Vitisho vikianza, pigeni ripoti polisi mpate namba ya O.B. Na usingizi ukipotea, njooni hospitalini. Hofu hutibika, ila vidonge peke yake havitoshi kama mlango wa nyumba hauna komeo.

Wengine watasema Mkristo husamehe. Ni kweli. Lakini tumesikia wazee wakileta mbuzi, na binti akisukumwa ampe mkosaji mkono mbele ya watu. Huko si kusamehe, ni kunyamazishwa. Zakayo alipoongoka alijitolea mwenyewe kurudisha mara nne. Hakungoja aliyedhulumiwa ajipendekeze kwake. Aliyetubu kweli atakubali kupita njia nyingine ya kwenda sokoni, hata kusali Misa ya saa nyingine. Jumuiya ndogo ndogo zimsaidie kuanza maisha mapya, lakini zimuulize kwanza binti anachohitaji ili awe salama.

Yule mama tulimsindikiza mpaka ofisi ya probesheni. Sasa ajua mtu yule anaishi wapi, na ajua wa kumwendea akisumbuliwa. Juzi alituambia kwamba amelala usiku mzima.