Mbio ndefu za baiskeli: Ada ni ndogo, gharama iko njiani

MASHINDANO ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, yalikuwa ya kwanza ya aina yake katika ardhi ya Afrika. Wanaume waliowania taji kuu walipanda na kushuka vilima vya jiji hilo kwa zaidi ya kilometa 260 kwa siku moja, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka mshindi. Kwa vijana wa vijijini ambao maisha yao yote yako juu ya baiskeli, hayo yalikuwa maonyesho tosha ya kuwatia hamu.

Hata hivyo, waliokimbia Kigali waliteuliwa na nchi zao. Hawakutoa ada mfukoni. Mkulima au mchuuzi anayetaka kuingia mbio za wazi huanzia kwenye meza ya usajili, ambako jambo la kwanza kuulizwa ni fedha. Je, fedha hiyo inalipa?

Swali hili lilinifikia nyumbani. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, hupeleka maziwa mjini kwa baiskeli kutoka kijijini kwetu wilayani Misungwi. Siku moja alinipigia simu: “Kaka, kuna mbio za kilometa 150 mkoa wa jirani. Ada ni elfu ishirini tu. Nisaidie.” Neno “tu” ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ada si gharama

Tuchukulie hesabu ya mfano, kama tunavyofanya kwa ekari moja ya mahindi. Ada ni Sh20,000. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kulipia baiskeli juu ya basi, ni Sh30,000. Kulala usiku mbili ni Sh20,000 na chakula Sh15,000. Tairi, mpira wa ndani, mnyororo na breki ni Sh40,000. Kwa kuwa vifaa hivyo vitaendelea kufanya kazi ya maziwa baada ya mbio, tuhesabu nusu tu, yaani Sh20,000.

Bado hatujamaliza. Mtu anayepata Sh8,000 kwa siku baada ya kutoa matumizi ya kazi, akiondoka siku tatu, amepoteza Sh24,000. Wengi huiacha hii kwa sababu haitoki mfukoni. Lakini maziwa hayasubiri, na shilingi ambayo hukuipata ni sawa na ile uliyoitumia.

Jumla ni Sh129,000. Ada ile ya “elfu ishirini tu” haifiki hata sehemu moja kati ya sita ya gharama yote. Ni kama mkulima anayejua bei ya mfuko wa mbegu akasahau mbolea, palizi na usafiri wa kupeleka mazao sokoni.

Hesabu ya zawadi

Sasa tutazame upande wa mapato. Tuseme mshindi wa kwanza anapata Sh1,000,000, wa pili Sh700,000, wa tatu Sh400,000, na wa nne hadi wa kumi Sh100,000 kila mmoja. Zawadi zote ni Sh2,800,000. Wakijitokeza waendeshaji 200, wastani kwa kila mmoja ni Sh14,000. Hiyo ni chini hata ya ada yenyewe. Mtu wa kawaida anayekwenda kutafuta fedha tu anaingia hasara kabla hajakanyaga pedali.

Lakini mdogo wangu si mtu wa kawaida, ana miguu. Tuseme katika kila mbio nne, mara moja ataingia kumi bora. Wastani wa zawadi kwa kumi bora ni Sh280,000, hivyo robo yake ni Sh70,000. Bado hazifiki Sh129,000. Ili arudishe gharama zake, itambidi awe na uhakika wa kuingia kumi bora karibu nusu ya mbio anazoshiriki. Na hapo nimempendelea, kwa sababu wengi wa kumi bora huondoka na Sh100,000, si Sh280,000.

Hesabu inabadilika kabisa mbio zikifanyika wilayani kwake. Hakuna nauli wala malazi. Anapoteza siku moja, Sh8,000. Chakula ni Sh5,000, vifaa Sh20,000 na ada ileile Sh20,000. Jumla ni Sh53,000. Kwa mtu mwenye nafasi moja kati ya nne ya kuingia kumi bora, Sh70,000 inazidi gharama. Ada haikupungua hata senti. Kilichopungua ni umbali.

Hili ndilo fundisho la kwanza: ukitaka kujua kama mbio zinalipa, usianze kuuliza ada ni kiasi gani. Uliza zinafanyika wapi, na nani atafanya kazi yako siku hiyo.

La pili ni aina ya baiskeli. Baiskeli nyepesi ya mashindano huweza kuwa na bei ya ng'ombe kadhaa, na mwenye Phoenix yenye keria hawezi kushindana nayo kwenye lami. Waandaaji wanaotaka wakulima hutenga kundi la baiskeli za kawaida. Nchini Rwanda mwaka 2006, Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alishiriki kuanzisha mbio zilizojumuisha baiskeli za mbao ambazo watu wa huko hubebea mizigo. Kazi hiyo ilikwenda pamoja na kubuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, kwa sababu kahawa iliyochumwa inapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo ubora unashuka. Kutoka kwenye vuguvugu hilo ilizaliwa timu ya taifa iliyofundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France. Mmoja wa vijana wake, Adrien Niyonshuti, alishiriki Olimpiki ya London mwaka 2012. Mbio ziligusa kazi ya mkulima, na faida ilikwenda mbali kuliko zawadi ya siku moja.

Unanunua nini?

Wapo wanaolipa bila kutegemea zawadi. Paris-Brest-Paris ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1891, ni safari ya kilometa 1,200 hivi. Hufanyika kila baada ya miaka minne, wengi hupewa saa 90 kuimaliza, na hakuna zawadi ya fedha. Afrika Kusini, Cape Town Cycle Tour ya kilometa 109, iliyoanza mwaka 1978, huvuta makumi ya maelfu ya watu kila mwaka. Wengi wao wanajua fika kwamba hawatashinda.

Hawa si wajinga. Wananunua huduma: njia iliyopangwa, maji, fundi, mtu wa huduma ya kwanza, gari la kuwachukua waliochoka, na wenzao wa kuwatia moyo. Kubwa kuliko yote, pale inapowezekana, wananunua barabara iliyofungwa magari.

Hapo ndipo mshiriki wa kwetu anapaswa kukazia macho. Barabara ni ya umma. Unaweza kuendesha baiskeli kutoka Mwanza hadi Shinyanga bila kumlipa mtu. Maji na ndizi unaweza kubeba. Fundi mnaweza kumchangia mkiwa kumi. Kitu ambacho huwezi kujinunulia peke yako ni polisi wa kusimamisha mabasi na malori. Mbio zisizokuwa na barabara iliyolindwa, gari la wagonjwa wala gari la kufuata wa mwisho, zinakuuzia fulana na medali. Ukitaka fulana, sokoni ipo kwa bei nafuu, tena unachagua rangi.

Aidha, uliza ada yako inakwenda wapi mbio zikivunjika. Mwaka 2017 mbio za Cape Town zilisitishwa asubuhi ileile kwa sababu ya upepo mkali, waendeshaji wakiwa wameshajitokeza. Kwetu mvua ya masika inatosha kufanya hivyo. Mwandaaji makini huandika sharti hilo kwenye fomu mapema.

Anayeuza kando ya barabara

Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, nafasi ya uhakika zaidi haiko juu ya baiskeli. Iko pembezoni mwa njia.

Mfano mzuri ni jimbo la Iowa, Marekani, linaloongoza nchini humo kwa mahindi na nguruwe. Mwaka 1973 waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Karras na Donald Kaul, waliamua kuvuka jimbo lao kwa baiskeli na kuwaalika wasomaji. Safari hiyo, inayoitwa RAGBRAI, bado hufanyika kila Julai kwa wiki nzima, na ada ya wiki imekuwa zaidi ya dola 200 katika miaka ya karibuni. Njia hubadilishwa kila mwaka ili miji midogo tofauti ipate wageni. Makanisa huuza mikate ya matunda, wakulima huuza mahindi mabichi, na wachoma nyama ya nguruwe huweka majiko kando ya mashamba. Miji huomba yenyewe kuwa kituo cha kulala. Hakuna mwenyeji anayelazimika kuendesha baiskeli ili apate riziki.

Kwetu nako wageni wa aina hiyo hupita. Tangu mwaka 2003 kuna msafara wa baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, wa kilometa 12,000 hivi kwa miezi minne, ambao washiriki wake hulipa maelfu ya dola. Hapa nchini umekuwa ukipita Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya. Watu hao hufika dukani wakiwa na kiu na njaa, na soda baridi kwao ni dawa.

Tufanye hesabu ya ndizi. Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri mwendeshaji wa safari ndefu ale gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa zinamtosha. Waendeshaji 300 wakiwa barabarani saa sita wanahitaji ndizi 3,600. Kwa mkungu wenye ndizi 100, hiyo ni mikungu 36, bado viazi vitamu vya kuchemsha, chumvi na maji.

Swali ni nani anaiuza mikungu hiyo. Mdhamini akija na biskuti na maji ya chupa kutoka mjini, kijiji kitabaki na vumbi na chupa tupu. Kikundi cha wakulima kikimwandikia mwandaaji mwezi mmoja kabla, kikaahidi kiasi, bei na kituo, kina hoja nzuri: ndizi za jirani hazina gharama ya lori. Viongozi wa kata wanaoombwa ushirikiano na waandaaji wana haki ya kuliweka hili mezani kama sharti.

Tahadhari ni ileile ya biashara yoyote ya siku moja. Usinunue mikungu 36 kwa matumaini. Pata oda, au anza na kiasi ambacho, mbio zikiahirishwa, utakimaliza gulioni kesho yake.

Kabla ya kulipa

Anayetaka kushiriki aulize mambo matano. Je, mbio zinatambuliwa na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA)? Je, barabara italindwa na gari la wagonjwa litakuwepo? Je, zawadi zinaishia kwa wa tatu, au zinafika wa ishirini? Je, kuna kundi la baiskeli za kawaida? Na je, fedha inarudishwa mbio zikiahirishwa? Akikosa majibu ya kueleweka kwa matatu kati ya hayo, abaki na fedha yake.

Mdogo wangu nilimsomea hesabu yote. Alinyamaza, akaniambia, “Sawa kaka,” kisha akaenda kuuza mbuzi. Alimaliza mbio akiwa wa 23 na kurudi na fulana. Siku tatu alizokuwa safarini, wateja wake wawili wa hoteli walipata mtu mwingine wa kuwaletea maziwa, na mmoja hajarudi mpaka leo. Hasara hiyo haikuwemo hata kwenye hesabu yangu.

Nilipomuuliza kama anajuta, alikataa. Alisema hakuwahi kujua kwamba anaweza kwenda kilometa 150 bila kushuka. Furaha hiyo siwezi kuiwekea bei, na simlaumu mtu anayeinunua akijua anachonunua, kama wengine wanavyolipia ngoma au mpira. Ila safari nyingine, ameniambia, atasubiri mbio zipite wilayani kwetu, na madumu ya maziwa atamwachia kijana wa jirani kwa malipo ya siku hiyo. Malipo hayo nayo ameshayaandika kwenye daftari lake, mstari wa chini ya ada.